Maji ya Mke Mkubwa

Alfajiri ya siku ya kutoka eda, wanawake wa nyumba walimchukua Sittana wakampeleka mtoni, kama ilivyo ada ya watu wa ukingo ule wa Nile. Mjane hutembea katikati ya wenzake, kajifunika tobe nyeupe hadi usoni, hasemi na mtu wala hageuki nyuma. Akifika majini huosha mikono, huosha miguu, mwisho huosha uso. Maji yakishamteremka kidevuni basi, yamekwisha. Anarudi nyumbani anapewa chai kama mtu mwingine yeyote, na siku hiyohiyo watu wanaanza kumsengenya upya.

Sittana aliosha mikono. Akaosha miguu, taratibu, mpaka katikati ya vidole. Kisha akatoa chini ya tobe birika la plastiki la kutawadhia, akalijaza maji ya mto, akalifunika kifuniko chake, akasimama. Uso mkavu.

Wifi yake Batul, dada wa marehemu, ndiye aliyekuwa amemshika mkono asiteleze. Akamnong'oneza kama amesahau.

"Sijasahau," Sittana akasema, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza nje ya nyumba tangu msiba. "Mke mdogo hatoki eda mbele ya mke mkubwa."

Wanawake wakatazamana. Ni kweli, mume akiacha wajane wawili hutolewa pamoja, mkubwa mbele mdogo nyuma, na mdogo hagusi maji mpaka mwenzake ameosha uso. Hilo halina ubishi. Lakini kijiji kizima kilijua kwamba Khidir alioa mke mmoja tu maisha yake yote. Na kijiji kizima kilijua vilevile Sittana anamsema nani.

Khidir alikuwa mlinzi wa Tarabili. Wageni wanaotoka mbali huziita piramidi, wanazipiga picha, wanaondoka. Watu wa pale husema Tarabili, wakimaanisha yale makaburi ya wafalme wa kale yaliyopangwa juu ya kilima cha mchanga kama meno ya mzee, mengine yamekatika ncha, mengine yamebaki kisiki. Kila kaburi lina kijichumba cha mawe kimebandikwa usoni pake, upande wa macheo. Khidir alikiita sebule. Na katika sebule mojawapo, kwenye ukuta wa kushoto, amechongwa malkia.

Sittana alisikia habari za malkia huyo wiki ya harusi yake. Alikuwa ameletwa kutoka ng'ambo ya mto, msichana mwembamba kama ufito, na chale tatu za wima kila shavu, kwa maana yeye alikuwa katika wasichana wa mwisho kuchanjwa kabla mtindo haujafa. Wanawake walikuwa wakisaga mtama uani. Batul, aliyekuwa na ulimi wa wembe tangu hajaota meno ya pili, akamwambia bibi harusi asijione. Kaka yangu ana mke juu kule, akasema, tena mke wa kishindo, nyonga mlango mzima, kucha ndefu, mkono mmoja mkuki na mkono mwingine kashika nywele za maadui zake kama mtu aliyeshika mboga. Wewe umekuja wa pili.

"Usimsumbue mwenzio," akamalizia. "Yeye alikuwepo kabla bibi yako hajazaliwa."

Wakacheka mpaka mawe ya kusagia yakasimama. Sittana naye akacheka, angefanyaje. Lakini mume aliporudi jioni alimwuliza.

Khidir alikuwa mtu wa maneno machache, na ukimwuliza jambo aliweka tonge chini akafikiri, kama shahidi mbele ya kadhi. Akasema ni kweli, yuko mmoja. Mke akamwuliza anafananaje. Khidir akafikiri tena.

"Ana uso mpole," akasema. "Chale tatu kila shavu, kama zako. Kidevu kimechongoka kidogo. Akikasirika mdomo wa juu hupanda upande mmoja."

"Jiwe halikasiriki."

"Wewe hujamwona," Khidir akasema, akarudi kwenye mkate wake wa kisra.

Basi mambo yakaanzia hapo. Khidir akichelewa, amezuiwa na mke mkubwa. Khidir akinunua kanzu mpya ya Idi, mke mkubwa kakubali? Sittana alipozaa msichana, akazaa wa pili, akazaa wa tatu, vikongwe wakasema ni kijicho cha mwenzake wa juu, na mmoja wao alisema kwa dhati kabisa. Akikunguta nguo za mume kabla ya kuzifua, mchanga mwekundu ukamwagika kutoka kwenye mapindo, jirani humwuliza kutoka juu ya ukuta kama hizo ni salamu alizoletewa. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Haukutumbuka. Ulikaa tu chini ya ngozi, ukawa unauma wakati wa baridi.

Na Sittana hakwenda kumwona.

Wenzake walikwenda. Siku za Idi kijiji kizima hupanda kule na vyakula, watoto wakiteleza mchangani juu ya maboksi, vijana wakitazamana kwa wizi nyuma ya makaburi ya wafalme. Yeye alibaki nyumbani akasugua masufuria. Watu walidhani ni wivu, na wivu ulikuwepo, tusidanganyane. Lakini kilichomzuia hasa kilikuwa adabu. Kwao ng'ambo alikolelewa, mke mdogo haendi kwa mke mkubwa mpaka aitwe. Akienda bila kuitwa amekwenda kupekua. Sasa jiwe halina mdomo wa kuita, hilo Sittana alilijua, hakuwa mpumbavu. Lakini mume anao. Akangoja mume aseme, njoo, unaitwa.

Naye Khidir, kwa upande wake, aliona mwanamke anayetaka kuona kitu husema. Yeye hakuwa mtu wa kumvuta mtu.

Idi moja tu, mtoto wao wa kwanza akiwa bado mgongoni, Khidir alimwosha punda, akamtandika mkeka mpya, akasimama naye mlangoni. Sittana akatoka na mikono ya unga.

"Umetumwa?" akamwuliza.

Khidir akamtazama. "Nitumwe na nani?"

"Basi," Sittana akasema, akarudi jikoni.

Khidir akasimama kidogo, akamvua punda mkeka. Ilikuwa hivyo tu. Hakuna aliyegomba wala aliyenuna. Ila neno lile halikuzungumzwa tena, na miaka ikalifunika.

Kazi yake mtu yule ilikuwa ni mchanga. Watu hudhani mlinzi huzuia wezi; wezi walikuja zamani wakaondoka na walichokitaka, wakaacha vichwa vya makaburi vimebomoka. Waliobaki ni upepo na wageni. Kila asubuhi Khidir alikuta mchanga umejaa ndani ya sebule, akauzoa kwa kikapu cha ukindu, akaumwaga chini ya mteremko, na upepo ukangoja ageuke. Na wageni nao alikuwa na vita vyake. Hakuruhusu mkono kugusa ukuta, awe mkono wa mtoto au wa mkubwa wa serikali, akisema jasho lina chumvi na jiwe lile ni laini kama mkate. Maji ndiyo aliyachukia kuliko yote. Mvua, ambayo kule ni adimu kama mchumba mkweli, ilipotokea ikanyesha, Khidir alitoka mbio na turubali na kumwacha mkewe na paa lake linalovuja.

Jioni, akishakula, alitoa habari. Leo jua limempiga shavuni. Leo anaonekana amechoka. Leo amekasirika, ule mdomo wake umepanda. Sittana alisikiliza kampa mgongo, anachambua dengu, vile wanawake wanavyosikiliza jambo wasilotaka lipite hata herufi.

Khidir alikufa kwa homa, haraka, baada ya wageni wa majira ya baridi kwisha. Kaburi lake halina jengo lolote juu yake, ni kichuguu cha changarawe na vipande viwili vya jiwe, kama la wengine. Sittana akaingia eda. Akakaa kwenye mkeka, bila manukato, bila hina, bila kuonana na wanaume, na wanawake wakaja zamu kwa zamu kumshikia mazungumzo. Siku moja, katika kutaka kumchekesha tu, mmoja akasema, na yule wa juu je, yupo aliyemwambia?

Wakacheka kile kicheko cha msibani, cha kuziba mdomo kwa pindo. Sittana hakucheka. Akageuka akatazama ukuta, na tangu siku hiyo akawa na jambo lake.

Kwa hiyo pale mtoni, birika mkononi, alikuwa amekwisha amua. Wanawake wakajaribu. Mmoja akamwambia ni dhambi, mwingine akamwambia ni baridi. Batul akawaambia wote warudi nyumbani wakapike chai, akamgeukia wifi yake.

"Khidir kafa, na wewe sasa unataka kuniua mimi kwa aibu. Unakwenda kumwosha uso nani, sanamu?"

"Namtoa eda. Hakuna mwingine wa kumtoa."

"Jiwe hilo limezika wangapi hata likakae eda ya kaka yangu?"

"Sijui limezika wangapi," Sittana akasema. "Mimi huyu mmoja ndiye ninayemjua."

Batul akaenda kumleta punda, huku akimwambia punda kwamba wazimu wa mjane hauna dawa, na heri mnyama anayekufa kabla hajaoa.

Wakaenda, Sittana juu ya punda na birika pajani, Batul akivuta kamba. Wakapita mashamba ya vitunguu, wakavuka reli, wakangoja malori yapite barabarani, wakaingia jangwani. Njia nzima Batul alisema. Alisema kuhusu miguu yake, alisema kuhusu wanaume watakaowakuta kule, maana mjane asiyeosha uso haongei na mwanamume wala haonwi. Sittana akasema hataongea, wala hataonwa, tobe ni refu. Na nani atawasemesha? Wewe, Sittana akajibu, kwani lini umekosa la kusema.

Kilima kikatokea, na makaburi juu yake. Katika maisha yake yote Sittana alikuwa ameyaona kwa mbali, kutoka juu ya paa lake, madogo kama vipande vya sabuni. Sasa yalikua kila hatua ya punda, yakawa marefu kuliko msikiti, na yeye akavuta tobe likabaki tundu la jicho moja.

Wenye ngamia waliokuwa wakingoja wageni langoni waliona nguo nyeupe wakanyamaza, wakainuka mmoja mmoja. Walimjua punda wa Khidir.

Penye kibanda cha tiketi alikuwa amekaa karani mgeni, si mtu wa pale. Batul akapita kama upepo, akisema yeye ni mama wa mlinzi wa sasa. Akahisi kavutwa nguo. Sittana alikuwa ameshuka kwenye punda, amesimama mbele ya dirisha la kibanda.

"Kata tiketi," akanong'ona.

"Tiketi ya nini? Mlinzi ni mwanangu, na kabla yake kaka yangu, na kila kokoto hapa..."

"Khidir alimkatisha tiketi hata baba yako."

Hilo lilikuwa kweli, na mzee yule alikufa bado analisimulia kwa uchungu. Batul akakata tiketi mbili za wenyeji, kwa hasira, kama mtu anayelipa faini. Karani akauliza birika lina nini. Maji ya udhu, Batul akasema, au Tarabili watu hawaswali? Karani akawachania tiketi, na Sittana akakifunga kipande chake kwenye pindo la tobe, mafundo mawili. Ndivyo alivyoingia, mtalii kama watalii wengine.

Walikuwa nusu ya mteremko, mchanga unawanywa miguu, Babikir alipowaona akashuka mbio. Huyu ndiye mwana wa Batul, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, aliyeipokea kazi ya mjomba wake. Akasimama hatua chache mbele yao, macho chini kwa heshima, na hapo pakatokea mazungumzo ambayo wenye ngamia waliyacheza kijiweni msimu mzima. Maana watu watatu walisimama mahali ambapo ungeweza kuwagusa wote kwa fimbo moja, na maneno yakawa yanapita kwa Batul kama barua kwa tarishi.

"Mwambie mwanao nimekuja kumwona mke mkubwa," Sittana akasema.

"Anasema amekuja kumwona mke mkubwa."

"Nimesikia, mama. Mwambie mkaza mjomba karibu sana. Lakini hilo birika?"

"Anauliza birika."

"Ni maji ya mto. Namwosha uso, tutoke wote."

Batul hakulifikisha hilo. Alimtazama mwanawe tu. Babikir alikuwa amekwisha kusikia, akatikisa kichwa, na ilionekana inamwuma.

"Mama, mwambie siwezi. Mwambie mjomba mwenyewe angenifukuza kazi leo hii. Tone moja likiingia kwenye lile jiwe, kesho linamenyeka. Yeye ndiye aliyenifundisha."

Upepo ukamvuta Sittana tobe, akalirudisha. Halafu akasema polepole, bado kwa Batul, lakini sasa jicho lake moja lilikuwa kwa Babikir.

"Mwulize nani basi atamwosha uso. Akae eda mpaka lini? Mimi na yeye tumekaa na mtu mmoja, na sikwenda kwake hata siku moja. Sitakwenda kunywa chai na kumwacha huku hajaambiwa. Mwulize."

Babikir akanyanyua macho, akayashusha. Alitaka kusema kitu. Batul, aliyemzaa, alikiona kimefika kooni. Kisha Babikir akakimeza.

"Mwambie aingie kwanza amwone," akasema. "Maji yabaki kizingitini. Akishamwona, kama bado anataka kuosha, tutazungumza."

Mlangoni pa sebule iliwabidi wangoje, kwa sababu ndani walikuwemo wageni wa kizungu pamoja na mkalimani wao kijana kutoka Khartoum. Sittana akasimama kwenye foleni. Mama mmoja wa wageni, shingo imeiva kwa jua, alipotoka alimwona bibi mrefu aliyefunikwa nguo nyeupe chini ya jengo lile, akashika kifua. Akamwuliza mkalimani kama huyu bibi ni wa ukoo wa malkia. Mkalimani, kwa aibu, akamwuliza Batul.

"Mwambie si ukoo," Batul akasema. "Ni wake wenza."

Kijana akafikiri, akatafsiri kitu, Mungu ndiye ajuaye nini, na yule mama akainama mbele ya Sittana kwa heshima kubwa, akaondoka akijifuta macho. Wakabaki watatu wao.

Sittana akaweka birika kizingitini. Akavua viatu, kitu ambacho hakuna aliyemwomba. Akaingia.

Ndani mlikuwa na ubaridi na harufu ya vumbi la zamani. Pembeni pa mlango kilisimama kikapu cha ukindu, kishikio chake kimeshonwa kwa kamba ya bluu. Kamba ile Sittana aliikata yeye mwenyewe kutoka kwenye ndoo yake. Akageukia ukuta wa kushoto. Alianza chini, kama mtu mwenye adabu anavyomtazama mkubwa wake. Akaona miguu, mikubwa, imesimama imara. Akaona marinda ya nguo. Akaona wale maadui, kundi zima, wamepigishwa magoti, nywele zao zote ndani ya ngumi moja. Akaona kucha. Akaona nyonga, na Batul hakuwa ameongeza chumvi, zilikuwa mlango mzima. Akaona mkono, na bangili, na shanga kubwa za shingoni zimepangwa safu kwa safu, kila ushanga na duara lake. Akaona bega.

Juu ya bega palikuwa laini. Palikuwa laini kama jiwe la kusagia lililorithiwa na bibi na mama na binti. Umbo la kichwa lilikuwepo kwa mbali, ukilijua, kama mahali pa mtu aliyeinuka mkekani. Lakini jicho halikuwepo, wala pua, wala mdomo, wala shavu la kutia chale.

Akasogea. Akainamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto, labda ni mwanga. Nyuma yake akasikia Batul ameingia na pumzi zake, na pumzi zile zikakatika.

"Uso uko wapi?" Batul akauliza.

Maana Batul naye, aliyeujenga mzaha ule tangu siku ya kusaga mtama, hakuwa ameingia humo tangu utotoni, na utotoni alitazama ule mkuki tu. Mengine yote aliyachukua kinywani mwa kaka yake akayatia viungo.

Sittana akageuka. Babikir alikuwa mlangoni. Hapo Sittana akashusha tobe kutoka usoni, likamwangukia mabegani, akamtazama Babikir moja kwa moja, akamsemesha kwa kinywa chake mwenyewe.

"Babikir. Uso umeliwa lini?"

"Zamani, mkaza mjomba. Ni mchanga. Upepo ukiingia huzunguka pale juu."

"Zamani lini? Wakati wako?"

"Nilikuwa mtoto nikimletea mjomba chakula, haukuwepo."

"Wakati wake, basi."

Babikir akatazama kikapu. "Aliniambia alipokabidhiwa kazi aliukuta hivi. Alisema hata waliomtangulia hawakuuona. Alikuwa akisema kinachoweza kulindwa ni kuanzia shingo kushuka, kwa hiyo tulinde hicho."

"Na chale?"

"Chale zipi?"

Batul alikuwa akimtazama wifi yake. Alimtazama mashavu, mistari mitatu huku, mistari mitatu kule, imezama sasa katika makunyanzi. Akamtazama kidevu. Akautazama mdomo wa juu, ambao ulikuwa umepanda upande mmoja na unatetemeka. Mwanamke yule aliyekuwa na neno la harusi na neno la maziko, neno la punda na neno la karani, alitafuta neno akalikosa. Akatoka nje akamshika mwanawe mkono, akamsogeza mbali na mlango.

Sittana alibaki mle ndani. Alichomwambia yule wa ukutani, kama alimwambia kitu, hakijulikani. Walioko nje walisikia upepo tu. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, na Babikir, kwa mazoea ya kazi, alikuwa tayari amelisogelea birika.

Sittana akalichukua yeye. Akashuka nalo hatua kadhaa chini ya sebule, kando, mahali ambapo mchanga ulikuwa mwingi na mlaini kuliko kwingine, kwa kuwa hapo ndipo kikapu kilipokuwa kikimwagwa. Akapiga magoti. Akamimina maji ya mto kwenye kiganja, akaosha uso. Akaosha tena. Maji yakapita kwenye zile chale, yakateremka kidevuni, yakaanguka, na mchanga ukayanywa papo hapo bila kuacha hata alama.

Batul akamletea pindo la tobe lake mwenyewe ajifute.

"Mimi ndiye niliyekuambia wewe ni wa pili," Batul akasema.

"Ulisema."

"Basi nilikosea hesabu."

Sittana akampa birika. Akainuka kwa kushika bega lake, akarudi juu, akaingia sebuleni. Babikir akamfuata, moyo juu, asijue sasa ni nini. Akamkuta kainama, anazoa kwa mikono miwili ule mchanga uliojikusanya kwenye pembe tangu asubuhi na kuutia kikapuni. Kilipojaa akakiinua kiunoni kwa kile kishikio cha bluu.

Babikir akanyoosha mikono kumpokea. Hii ni kazi yake, akasema, mkaza mjomba asijichoshe, leo yeye ni mgeni.

"Nipishe," Sittana akasema. "Nimekata tiketi."